Dubai hadi Guangzhou: umbali ni mmoja, mbona kwenda na kurudi si sawa?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, Kariakoo. Januari nakwenda Guangzhou kupitia Dubai, mara yangu ya kwanza. Nimetafuta umbali wa Dubai na Guangzhou: tovuti moja inasema 5,840, nyingine 3,150, na shoga yangu aliyekwenda mwaka jana anasema skrini ya kiti chake iliandika zaidi ya 6,000. Tiketi ya kwenda inasema naondoka Dubai 10:20 na kufika Guangzhou 21:40. Ya kurudi naondoka Guangzhou 00:15 na kufika Dubai 04:40. Kwa hesabu yangu kwenda ni saa 11 na kurudi ni saa 4 na kitu. Wakala wangu anasema kwenda ni saa 7 na kurudi ni saa 8. Nani mkweli? Na je, ndege ya kutoka Dubai kurudi Dar inaondoka 07:30 siku hiyo hiyo, tiketi yake nimeinunua kando, si pamoja na hizi. Nitaiwahi?"

Marahaba, binti yangu. Wote hao wamekwambia kweli, ila hakuna aliyekutajia kipimo alichotumia. Nimefanya kazi ya kupanga safari za ndege kwa zaidi ya miaka 20, katika shirika moja la Ghuba. Ni kazi ya kukesha ofisini, kuchora njia, kusoma upepo na kupiga hesabu ya mafuta kabla rubani hajaingia mlangoni. Njia hii ya Dubai na Guangzhou nimeichora mara nyingi mno, na naipenda, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Tuanze na saa, maana kosa la saa ndilo linalokula pesa ya mtu. Umbali utasubiri.

Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya mji uliotajwa pale pale. 10:20 ni saa ya Dubai, na 21:40 ni saa ya Guangzhou. Dubai inatangulia saa ya dunia (ile inayohesabiwa kutoka Greenwich, Uingereza) kwa saa 4, Uchina inatangulia kwa saa 8, kwa hiyo Guangzhou iko mbele ya Dubai kwa saa 4 (na mbele ya Dar es Salaam kwa saa 5). Ndege yako ikiondoka Dubai 10:20, saa ya ukutani Guangzhou inasoma 14:20. Hesabu kutoka 14:20 mpaka 21:40 upate saa 7 na dakika 20. Kurudi nako vivyo hivyo: 00:15 ya Guangzhou, kule Dubai bado ni 20:15 ya jana yake. Kutoka 20:15 mpaka 04:40 ni saa 8 na dakika 25. Wakala wako yuko sahihi. Wewe ulitoa namba kwa namba bila kwanza kuzileta kwenye saa ya mji mmoja, na watu wengi hukwama hapo hapo.

Njiani mambo ya saa yanapendeza zaidi, ingawa hutayaona kwenye tiketi. Iran iko saa 3 na nusu mbele ya saa ya dunia, Pakistani saa 5, India saa 5 na nusu, Nepal saa 5 na dakika 45, Bhutan saa 6, Myanmar saa 6 na nusu. Halafu unavuka mpaka wa Myanmar kuingia Yunnan na saa inaruka mara moja mpaka 8, kwa sababu tangu 1949 Uchina nzima hutumia saa ya Beijing, nchi ambayo kwa upana wake ingestahili kanda tano za saa.

Sasa, tahadhari moja ya Mswahili. Sisi saa yetu inaanza jua likichomoza, na tiketi inaanza usiku wa manane. Kubadilisha ni kutoa au kuongeza 6: 10:20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi, 21:40 ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Hilo unalijua. Shida iko kwenye ile 00:15. Kwa mazungumzo yetu ni saa sita na robo usiku, na mtu akiambiwa "ndege ni Jumapili saa sita usiku" anafikiri ni baada ya kushinda Jumapili nzima. Tiketi inahesabu tofauti. 00:15 ya Jumapili ni robo saa tu tangu Jumamosi iishe. Uwanjani unatakiwa ufike Jumamosi saa tatu usiku. Binamu yangu alikuwa amefikia kwenye hoteli moja mtaa wa Xiaobei, mizigo imefungwa vizuri, akaenda uwanjani jioni ya Jumapili akiwa ametulia kabisa. Ndege yake ilikuwa imeondoka tangu usiku uliopita, karibu saa ishirini nzima. Alinunua tiketi mpya kwa fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kusafirisha mzigo. Kwa hiyo chukua kalamu, kwenye tiketi yako ya kurudi andika kwa mkono wako siku unayotakiwa kutoka hotelini, tofauti na siku iliyochapwa.

Tuje kwenye umbali.

Ile 3,150 ni maili za baharini, kipimo tunachotumia kwenye usafiri wa anga na wa majini. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Zidisha upate kilomita 5,834, ambayo ni ile ile 5,840 ya tovuti yako ya kwanza ikiwa imekatwa kidogo. Ukikutana na 3,630 usishangae, hizo ni maili za nchi kavu wanazotumia Wamarekani. Na ukikutana na kilomita 5,830 badala ya 5,840, kuna sababu pia. Dunia si mviringo kamili kama mpira, imevimba kidogo kiunoni: nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Anayekokotoa kwa mpira kamili anapata karibu 5,830, anayezingatia uvimbe ule anapata karibu 5,840. Mwingine hupima kutoka katikati ya mji badala ya uwanjani, na uwanja wa Baiyun uko kilomita 28 hivi kaskazini mwa mji wa Guangzhou. Tofauti za namna hiyo ni ndogo, usizipotezee muda.

Zile 6,000 na zaidi za shoga yako ni kitu kingine, na ndizo zenye habari. Ile skrini inafuata njia ambayo ndege yenyewe inapita.

Chukua chungwa, weka alama mbili, uvute uzi kati yake mpaka ukaze. Uzi ule ndio njia fupi kuliko zote juu ya kitu cha mviringo, na kilomita 5,840 ni urefu wa uzi huo kati ya Dubai na Guangzhou. Ukiuhamishia kwenye ramani ya ukutani utauona umepinda kuelekea kaskazini. Unatoka Dubai, unavuka Ghuba ya Oman, unaingia kona ya kusini-mashariki ya Iran, unapita Pakistani kaskazini mwa Karachi, unaingia Rajasthan karibu na Jaipur, unapita jirani kabisa na Agra, kule kwenye Taj Mahal. Unakwenda juu ya tambarare za kusini mwa Nepal, unagusa pindo la Bhutan, unapita jimbo la Assam huko India, kisha kaskazini mwa Myanmar, unaingia Uchina kupitia Yunnan karibu na Kunming, kisha unateremka juu ya Guangxi mpaka Guangzhou. Mlima Everest, mita 8,849, unabaki kilomita 90 hivi kaskazini mwa uzi.

Sasa sikiliza jambo ambalo lilinichukua miaka kulielewa vizuri, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Ukiuacha uzi ule, ukapiga mstari ulionyooka kwenye ramani bapa kutoka Dubai hadi Guangzhou, mstari huo nao ni kilomita 5,880 hivi. Umezidi uzi kwa kilomita 40 tu! Lakini katikati ya safari, kule juu ya India, njia hizo mbili zimeachana kwa zaidi ya kilomita 300. Maana yake mpanga safari anaweza kuisogeza ndege mamia ya kilomita kusini au kaskazini, na bei yake ikawa dakika tatu. Nafasi hiyo ni pana mno, na tunaitumia kwa kazi moja kuliko zote: kutafuta upepo, au kuukimbia.

Wewe ni mtu wa pwani, kwa hiyo hili halitakuwa geni. Kutoka Lamu hadi Maskati bahari haijawahi kurefuka wala kufupika, lakini nahodha wa jahazi hakuwahi kupanga safari kwa kuangalia umbali. Alisubiri kusi apande Uarabuni, akasubiri kaskazi ateremke nyumbani. Angani ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba sisi hatusubiri miezi.

Kule juu, kati ya kilomita 9 na 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo mkali inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Mmoja wapo, wakati wa majira ya baridi ya Asia, unashuka kusini na kupita upande wa kusini wa milima ya Himalaya, juu ya kaskazini mwa India, hadi kusini mwa Uchina na kuelekea Japani. Tazama tena uzi wetu unapopita. Ni mahali pale pale. Januari, utakapokuwa unakwenda, mkondo huu uko kwenye nguvu zake. Mtu wa kwanza kuupima vizuri mkondo kama huo alikuwa Ooishi Wasaburo, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, aliyerusha maputo huko Tateno miaka ya 1920 na kuyafuatilia kwa darubini. Alichapisha matokeo yake kwa Kiesperanto, lugha iliyobuniwa iwe ya dunia nzima, akitumaini dunia nzima itasoma, na karibu hakuna aliyesoma. Marubani wa Marekani waliukuta wenyewe mwaka 1944, mabomu yao yakikosa shabaha kwa sababu ya upepo juu ya Japani ambao hawakuutarajia.

Tufanye hesabu kwa vidole. Ndege kubwa zinazopita njia hii hukata hewa kwa kasi ya kilomita 900 hivi kwa saa. Tuseme njia ya siku hiyo ni kilomita 6,000, na upepo wa wastani mgongoni ni kilomita 100 kwa saa. Kasi yako juu ya ardhi inakuwa 1,000, unafika kwa saa 6. Kurudi upepo ule ule uko usoni: 900 kutoa 100 ni 800, na kilomita 6,000 zinahitaji saa 7 na nusu. Ongeza muda wa ardhini, wa kupanda na wa kushuka, kama dakika 50 hivi kila upande. Umepata karibu saa 7 kwenda na saa 8 na dakika 20 kurudi. Wakala hakukudanganya hata nusu saa.

Angalia na hili. Kama kusingekuwa na upepo kabisa, kwenda na kurudi angani kungekuwa saa 13 na dakika 20. Kwa upepo ni saa 13 na nusu. Mtu angedhani kinachopatikana kwenda kinafidia kinachopotea kurudi, lakini hakifidii, kwa sababu upepo wa usoni unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko ule wa mgongoni. Ndiyo maana ndege inayotoka Uchina kuja Ghuba hujazwa mafuta mengi zaidi, na ndiyo maana mpanga safari wa zamu ya usiku huitafutia njia ya kusini zaidi, apate kukwepa kiini cha mkondo. Saa moja ya ziada kwa ndege kubwa ya injini mbili ni tani 7 hivi za mafuta. Ataongeza kilomita 150 bila kusita ili aokoe tani tatu. Abiria anayetazama skrini ataona ndege "inazunguka" na kulalamika, kumbe ndiyo inayofika mapema.

Ukisafiri Julai hali ni nyingine. Mkondo huo unahamia kaskazini mwa Tibet, na tofauti ya kwenda na kurudi inapungua sana. Badala yake unapata masika ya Asia: mawingu ya radi juu ya Ghuba ya Bengal na Myanmar yanayopanda juu kuliko ndege inavyoweza kupanda, nayo huzungukwa, hayapitwi. Guangzhou yenyewe kuanzia Aprili mpaka Septemba ina ngurumo za mchana na vimbunga vya baharini. Kwa hiyo ratiba ya kiangazi inaweza kuonekana nzuri zaidi kwenye karatasi, na ucheleweshaji ukawa mwingi zaidi.

Upepo hauamui peke yake. Anga lina wenyewe. Mwishoni mwa Februari 2019, baada ya ndege za kivita za India na Pakistani kushambuliana, Pakistani ilifunga anga lake, na njia nyingi za kuelekea India hazikufunguliwa mpaka katikati ya Julai mwaka huo. Miezi hiyo tulichora njia za kushuka Bahari ya Arabuni na kuingia India kwa chini, kila usiku, huku tukihesabu dakika. Juni 2025 ilikuwa zamu ya anga la Iran kufungwa wakati wa vita vyake na Israeli. Kwa mtu wa Guangzhou madhara ni madogo kuliko kwa anayekwenda Ulaya, kwa kuwa kutoka Dubai unaweza kupita Oman na baharini bila hasara kubwa. Lakini namba ya kwenye skrini itakuwa nyingine.

Upande wa Uchina kuna ugumu wa aina yake. Sehemu kubwa ya anga iko chini ya jeshi, na ndege za abiria hupewa vichochoro. Huwezi kuvuka mpaka wa Yunnan popote unapotaka, kuna milango. Urefu wa kuruka nao hutolewa kwa mita wakati majirani wanatumia futi, kwa hiyo rubani akifika mpakani hubadilisha urefu kidogo ili aingie kwenye ngazi za Kichina. Ukisikia injini zimebadilisha sauti mahali hapo, hakuna tatizo. Halafu ukikaribia Guangzhou unaingia kwenye anga ambalo Guangzhou, Shenzhen, Hong Kong, Macau na Zhuhai zote zina viwanja vyao jirani jirani. Kusubiri zamu ya kutua hapo ni jambo la kila siku.

Wengine huniuliza kwa nini tusipite kaskazini zaidi, juu ya Tibet, wakati milima haiwezi kuigusa ndege iliyo kilomita 11 juu. Jibu linahusu siku mbaya. Hewa ya ndani ya ndege ikivuja, rubani anatakiwa ashuke haraka mpaka karibu mita 3,000 ambako mtu anapumua bila msaada, na oksijeni ya vile vinyago vya abiria kwenye ndege nyingi ni ya dakika kati ya 12 na 20 hivi. Uwanda wa Tibet wastani wake ni mita 4,500. Ushukie wapi? Kwa hiyo tunabaki kusini, ambako bonde la Ganges na Assam liko chini kabisa. Kati ya 1942 na 1945 marubani wa vita walisafirisha mafuta na silaha kutoka Assam hadi Kunming juu ya milima hiyo hiyo ya mpaka wa Myanmar, kwa ndege ambazo hazikuweza kupanda juu ya hali ya hewa. Mamia ya ndege zilianguka. Kila nilipochora kipande kile, kama kilomita 800 hivi, niliwakumbuka. Wewe utakivuka wakati wanapita kukusanya sahani za chakula.

Kuhusu saa 7 na dakika 20 za tiketi, fahamu pia kwamba si muda wa kuwa angani. Zinaanza kuhesabiwa ndege inaposukumwa kutoka kwenye maegesho yake Dubai na kuishia inapofunga breki kwenye maegesho ya Guangzhou. Ndani yake kuna foleni ya kurukia, kuna safari ndefu ya magurudumu baada ya kutua, na kuna dakika za akiba ambazo shirika huziweka makusudi ili lisionekane limechelewa. Rubani akitangaza "muda wetu wa kuruka ni saa 6 na dakika 15" amesema kweli, na tiketi nayo imesema kweli.

Kwa kuwa unaondoka asubuhi, kuna jambo la jua nikuambie, hasa kama ni mtu wa swala. Unakwenda kulipokea jua linakotoka, kwa hiyo siku yako inakatika. Januari, ukiruka Dubai karibu 10:45, adhuhuri itakukuta saa moja tu baadaye, na jua litazama ukiwa karibu na mpaka wa Assam na Myanmar, wakati saa ya mkononi ya Dubai inasoma 15:15, yaani saa tisa na robo alasiri. Kutoka adhuhuri mpaka magharibi ni saa 3 na nusu, wakati ardhini ni zaidi ya 5. Ukisubiri saa ya mkononi ikuonyeshe magharibi utakuwa umeshatua. Tazama dirisha. Na kama njia ya siku hiyo ni ya kaskazini, basi kiti cha dirisha cha kushoto, baada ya kupita Agra, hewa ikiwa safi, kitakuonyesha theluji ya Himalaya ikigeuka rangi ya dhahabu. Kwa urefu ule upeo wa macho unafika karibu kilomita 370. Mimi mwenyewe niliwahi kuiona mara mbili tu, na niliisahau karatasi ya mafuta iliyokuwa mapajani.

Sasa ile ndege ya Dar ya 07:30. Hapa naomba unisikilize kama mtoto anayemsikiliza mzazi.

Kutoka 04:40 mpaka 07:30 ni saa 2 na dakika 50. Kama safari nzima ingekuwa kwenye tiketi moja, ningekwambia kalale, inatosha: mzigo unahamishwa wenyewe, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo lenye jukumu la kukutafutia nyingine. Tiketi zako ni mbili, kila moja imenunuliwa kando. Hakuna anayekudai wala unayemdai. Utashuka, upange foleni ya uhamiaji (na kwa pasipoti inayodai viza, lazima uwe na viza ya Falme za Kiarabu mkononi kabla hujaondoka nyumbani), usubiri mabegi, utoke, pengine uhamie jengo jingine, uanze upya kwenye kaunta. Kaunta nyingi hufunga saa nzima kabla ya ndege kuondoka, yaani 06:30. Saa 2 na dakika 50 zimeshakuwa saa 1 na dakika 50.

Ongeza Januari. Unarudi dhidi ya mkondo wa upepo ukiwa na nguvu zake zote, na siku ambayo kiini chake kimepanuka hakuna njia ya kusini itakayokuokoa, unachelewa nusu saa ukiwa angani bila mtu kufanya kosa. Ongeza ukungu. Miezi ya baridi Dubai hupata ukungu mzito wa alfajiri, katikati ya muda wako wa kutua, na ndege huzungushwa hewani au kupelekwa uwanja mwingine mpaka jua lipande. Nimekaa zamu za Januari ambazo ndege kumi na zaidi zilikuwa zinasubiri ukungu uinuke, na ndani ya kila moja kulikuwa na watu wa kuunganisha wanaotazama saa.

Nenda kwa wakala kesho. Muulize kwanza kama anaweza kuziunganisha safari zote ziwe tiketi moja, hata ikiongezeka bei kidogo. Ikishindikana, ahamishe ya Dar iwe ya mchana, isiwe kabla ya 13:00, au ulale Dubai usiku mmoja upande ya kesho yake. Pia muulize bei ya ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam. Uzi wa Dar na Guangzhou ni kilomita 8,700 hivi, na kupitia Dubai ni karibu 9,800, kwa hiyo unaokoa kilomita 1,100 na foleni zote za katikati. Na kabla hajachapa chochote, angalieni kwenye kalenda tarehe ya mwaka mpya wa Kichina. Unaangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari hivi, viwanda hufungwa hata kabla ya siku yenyewe, na sitapenda ufike salama ukute mageti yamefungwa kwa kufuli.